Mgombea wako akiongoza kwenye tafiti dakika za mwisho, acha kuangalia pengo: soma namba yake mwenyewe

Mzee wa Jedwali (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila uchaguzi ukifika wiki mbili za mwisho, watu wa upande unaoongoza kwenye tafiti hubadilika kabisa. Kampeni wanaanza kuiona kama kero, mazungumzo yanahamia kwenye baraza la mawaziri, nani atapewa ubalozi, sherehe za kuapishwa zitafanyika uwanja gani. Ukiwauliza uhakika huo wameupata wapi, unatajiwa kampuni ya utafiti na pengo. "Tunaongoza kwa pointi sita." Mjadala umefungwa.

Kenya tunaelekea Agosti 2027 na kwenye magrupu naona watu wameshaanza kutumiana picha za grafu. Naweka hili mapema, kabla damu hazijachemka na kila mwenye swali hajaanza kuitwa msaliti.

Sitawaambia tafiti ni uongo. Msimamo wangu ni kwamba watu wengi wanaosherehekea utafiti hawajausoma. Wamesoma kutoa tu: huyu toa yule, baki sita. Namba inayotakiwa kuwapa usingizi ni nyingine kabisa, na ipo palepale kwenye ukurasa uleule.

Tuchukue 2022, maana wote tulikuwepo.

Kura ilikuwa Jumanne tarehe 9 Agosti. Sheria ya Kenya ya 2012 inazuia kutangaza tafiti za uchaguzi siku tano kabla ya kura, kwa hiyo kampuni kubwa zote zilitoa za kwao za mwisho kati ya mwishoni mwa Julai na siku za kwanza za Agosti. Ipsos wakasema Raila 47, Ruto 41. Infotrak wakasema Raila 49, Ruto 42. Kampuni mbili na mwelekeo mmoja. Upande wa Azimio, muungano wa Raila, watu wakatulia tuli.

Tarehe 15 Agosti pale Bomas, hayati Wafula Chebukati, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi (IEBC), akasoma: Ruto kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49. Raila, naye Mungu amrehemu, kura 6,942,930, asilimia 48.85. Makamishna wanne wakasema hawayatambui matokeo hayo, kesi ikaenda Mahakama ya Juu, na tarehe 5 Septemba majaji wakayaacha yasimame. Ya mahakamani siyarudishi hapa. Naomba sana tusigeuze uzi huu kuwa uwanja wa fomu 34A, zile za matokeo ya urais kwa kila kituo.

Baada ya hapo kila mtu akasema tafiti zilidanganya. Haya, zisomeni tena, safari hii kila mgombea peke yake.

Raila alipewa 47 na 49. Akapata 48.85. Hakuna kati ya hizo mbili iliyomkosa kwa zaidi ya pointi mbili, na Infotrak walikaribia kumpata kwa usahihi kabisa. Ruto alipewa 41 na 42. Akapata 50.49. Yaani namba ya aliyekuwa akiongoza ilikuwa sawa. Iliyokuwa ndogo ni ya mpinzani wake.

Sasa jumlisha. 47 na 41 ni 88. Kumi na mbili wako wapi? Infotrak ni 91. Watu tisa hadi kumi na wawili katika kila mia walikuwa hawajataja mmoja kati ya wale wawili. Wagombea wengine wawili, Wajackoyah na Waihiga Mwaure, walikuja kugawana chini ya asilimia moja, kwa hiyo karibu wote waliobaki walikuwa mali ya mtu. Pengo la pointi sita limekaa juu ya watu kumi na wawili ambao hawajasema, na nchi inadai asilimia 50 na kura moja. Hapo mtu anapata wapi usingizi?

Mfano wa pili natoa Marekani, kwa sababu kuna jimbo moja linaloonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yangu. Wisconsin, 2016. Wastani wa tafiti za mwisho ulimweka Clinton karibu 47, Trump karibu 40. Pengo pointi sita na nusu. Clinton hakukanyaga jimbo hilo tangu alipopitishwa na chama chake mpaka siku ya kura. Matokeo: Clinton 46.5, Trump 47.2. Kura 22,748 zikaamua. Angalia tena: alitabiriwa 47, akapata 46.5. Mgombea alipata karibu kila alichoahidiwa, akashindwa.

Nenda mbele miaka minne, jimbo hilohilo. Wastani wa mwisho wa 2020: Biden 51, Trump 44 na kidogo. Pengo halitofautiani na lile la Clinton hata pointi nzima. Siku ya kura Trump akapanda tena, akafika 48.8. Biden akateleza kidogo mpaka 49.4. Akapita kwa kura 20,682.

Kwa hiyo wagombea wawili wana pengo moja, jimbo moja, mpinzani mmoja na kosa lilelile la watafiti. Mmoja alianzia 47, mwingine 51. Ndiyo tofauti yote.

Na kujiamini siyo dhambi, hilo nalo niseme. Oktoba 2012, baada ya Obama kuboronga mdahalo wa kwanza pale Denver, wafuasi wake walishikwa na homa. Wastani wa kitaifa ukawa karibu sare hadi mwisho. Lakini Ohio, jimbo ambalo kila mtu alijua ndilo la kuamua, tafiti zilimweka Obama kwenye 50 hivi na Romney 47. Pengo dogo, pointi tatu, na waliobaki kama watatu tu. Alishinda Ohio kwa pointi tatu. Waliotulia wakati ule walikuwa na haki ya kutulia, na pengo lao lilikuwa nusu ya lile la Azimio.

Mwisho, kuhusu ile "kiwango cha makosa" inayoandikwa chini kwa herufi za sisimizi. Ukihoji watu 2,000, kiwango ni kama pointi 2.2 juu au chini. Watu wanadhani hiyo ni ya pengo. Hapana, ni ya kila mgombea peke yake. Mmoja akishuka mbili, mwenzake mara nyingi anapanda mbili, pengo linasogea nne. Na hiyo ni bahati nasibu ya sampuli tu. Mtu aliyekataa kufungua mlango hayumo humo.

Karibuni. Matusi pelekeni kwa wengine.

Kijana wa Wilbaro

Mzee umeandika kitabu kueleza kitu ambacho mimi nilikijua nikiwa stendi ya Thika. Kila matatu niliyopanda ilikuwa njano, rangi ya chama cha Ruto. Grafu za nini?

Mzee wa Jedwali

Na aliyekuwa stendi ya Kondele kule Kisumu, ngome ya Raila, aliona rangi nyingine katika kila matatu, naye akasema hivyohivyo. Stendi haina sampuli, kijana wangu.

Bint Kisauni

Kaka Jedwali, hesabu yako nimeipenda ila kuna mahali umeruka shimo. Unasema wale kumi na wawili "walikuwa mali ya mtu" na unatuacha tuelewe walikwenda kwa Ruto. Umejuaje?

Waliosajiliwa walikuwa zaidi ya milioni 22.1. Waliopiga kura ni kama asilimia 65. Maana yake watu milioni saba na zaidi walibaki nyumbani. Na hawakubaki sawasawa nchi nzima. Huku Mombasa hatukufika hata nusu, tulikuwa kwenye 44 hivi. Bomet na Kericho walikaribia 80. Mtafiti alipopita Julai, mtu wa Likoni alihesabiwa mmoja na mtu wa Bomet alihesabiwa mmoja. Tarehe 9 hawakuwa sawa tena.

Halafu msisahau tarehe 8 Agosti. Siku moja tu kabla ya kura, IEBC wakatangaza ugavana wa Mombasa na Kakamega umeahirishwa kwa sababu karatasi za kura zilikuja na makosa. Hatimaye ukafanyika tarehe 29. Hapa kwetu ugavana ndio uliokuwa umewasha moto mitaani. Ulipoondolewa, watu wakapoa. Mahakama haikuona kama hilo lilitosha kuharibu uchaguzi wa rais, sawa, lakini mimi naishi hapa na niliona barabara.

Na nikupe kitu nilichokisikia kwa masikio yangu. Asubuhi ya kura nimepita kwa mama anayetuuzia mbaazi na mahamri barazani. Foleni ya wateja ilikuwa ndefu kuliko ya kituo cha kura. Namuuliza, "Mama, hufungi ukaenda mara moja?" Akanijibu huku anaminya tui, wala hakuinua uso: "Nifunge nipoteze siku nzima? Baba si ashapita, watu wote wasema." Yule mama ni Baba damu, yaani wa Raila kabisa. Kwenye utafiti yumo, kwenye sanduku hayumo.

Kwa hiyo mimi nasema tafiti nzuri zenyewe ndizo zilizotuangusha. Zilitulaza.

Kijana wa Wilbaro

Dada hapo kwa mbaazi umenimaliza 😂 Na mahamri ya Mombasa mtu akiyaacha apige kura huyo ni mzalendo kweli.

Mzee wa Jedwali

Bint Kisauni, asante. Hii ndiyo michango niliyokuwa naingoja.

Kwenye karatasi, njia zote mbili zinaacha alama moja. Ikiwa wale wasiotaja mtu wengi walikwenda kwa Ruto, Raila anabaki kwenye 48. Ikiwa waligawanyika nusu kwa nusu, Raila anapanda hadi 53 hivi, kisha mama wa mbaazi na wenzake wanamrudisha 48. Ukiangalia jumla ya taifa huwezi kutenganisha haya mawili. Mimi nadhani yote mawili yalitokea, sehemu tofauti za nchi: Pwani ni hiyo yako, Mlima Kenya ni hiyo yangu. Kumbuka Kirinyaga, nyumbani kwa Martha Karua, mgombea mwenza wa Raila, Ruto alishinda kwa mbali. Hata kwenye kituo cha Uhuru mwenyewe, rais wa wakati ule aliyekuwa akimuunga mkono Raila, Shule ya Msingi Mutomo kule Gatundu, Ruto alimshinda Raila.

Lakini kwa mtu aliyepo ndani ya kampeni, zimebaki siku kumi, jibu ni lilelile. Ukiwa 47 huna akiba ya kumpoteza mama wa mbaazi. Ukiwa 55 unayo.

Kuhusu tafiti kuwalaza watu, hapo tunatofautiana kidogo. Utafiti haukumwambia yule mama asiende. Kuna mtu alisimama jukwaani akamwambia kazi imekwisha.

Karani Mstaafu

Niingie hapa maana mmefika eneo langu. Nimefanya kazi ya kuhoji watu kwenye tafiti kwa miaka kadhaa, zikiwemo za msimu ule. Kampuni siitaji na sina ugomvi nayo.

Watu wanadhani udanganyifu unafanyika ofisini. Mimi nawaambia sehemu ngumu ni mlangoni.

Murang'a, Julai 2022. Unafika boma ulilopangiwa. Hulichagui wewe, unahesabu nyumba kwa mpangilio uliopewa, na ndani ya nyumba humhoji unayemtaka, kuna utaratibu wa kumpata mhojiwa. Una kishikwambi mkononi na kitambulisho kifuani. Swali la kwanza unaloulizwa wewe ni "umetumwa na nani?" Unaeleza. La pili, "Chifu anajua uko hapa?" Hapo ujue mambo yameshaharibika. Mwaka ule kila mtu alijua serikali inataka nani. Mtu wa kule anayepinga matakwa ya serikali, anaona kijana mgeni mwenye kifaa anamuuliza jina lake na umri wake kisha atampigia nani kura. Wewe ungejibu?

Nilimhoji mzee mmoja, tumekaa kwenye viti vya plastiki nje, nyuma yake ukutani kuna kalenda ya wilbaro, alama ya chama cha Ruto, kubwa kama dirisha. Maswali ya bei ya unga kajibu kwa hasira na kwa kirefu. Nikafika lile swali. Akanyamaza. Akaangalia kishikwambi. Akasema, "Hapo andika sijaamua." Nikaandika sijaamua. Kanuni ya kazi ni kuandika ulichojibiwa, hata kama kalenda inakukodolea macho. Nikiandika nilichokiona ukutani, huo ndio uchakachuaji.

Na kuna kitu kingine ambacho wasomaji hawakipati. Kwenye fomu "sijaamua" ni jibu moja na "sitaki kusema" ni jibu lingine. Hawa ni watu wawili tofauti kabisa. Wa kwanza unaweza kumshawishi. Wa pili ameshaamua zamani, ila hakuamini wewe. Ripoti ikifika kwenye runinga mara nyingi wamefungwa pamoja kuwa "wasioamua". Kama "sitaki kusema" wamejaa eneo moja, mwenye kampeni anatakiwa aanze kutoka jasho.

Bint Kisauni

Karani Mstaafu, uishi maisha marefu. Kalenda inakukodolea macho!

Ziwa Magharibi

Wakuu wa Kenya habari zenu, natokea huku Mwanza. Nimemsoma mleta uzi kwa utulivu, ila kanuni yake kwetu imekwama.

2015. Shirika la Twaweza walitoa utafiti wao wa urais Septemba, kupitia Sauti za Wananchi, wanapiga simu. Magufuli 65, Lowassa 25. Mtaani kulikuwa hakukaliki. Wa CCM wakachapisha, sisi wa UKAWA, muungano wa upinzani, tukasema hizo simu zimepigwa Lumumba, kwenye ofisi za CCM. Mzee Lowassa alikuwa ndiyo kwanza ametoka CCM mwisho wa Julai, mafuriko ya watu kila mkoa, nani angetuambia 25? Oktoba 25 ikafika, Magufuli akatangazwa na 58.46, Lowassa 39.97. Wote wawili leo marehemu, Mungu awapumzishe.

Sasa mleta uzi, kanuni yako inasema namba ya kinara huwa sawa na ya mpinzani ndiyo hupanda. Hapa ya kinara imeshuka zaidi ya pointi sita, ya mpinzani imepanda kumi na tano. Unasemaje?

Mwalimu wa Zamu

Kabla hajajibu nimwongezee mzigo. Marekani 1948. Gallup walimaliza na Dewey 49.5, Truman 44.5. Matokeo yakaja karibu kinyume kabisa: Truman 49.6, Dewey 45.1. Gazeti la Chicago Daily Tribune lilishachapa kwamba Dewey kamshinda Truman, na picha ya Truman amelishika juu huku anacheka kila mtu ameiona. Dewey alikuwa karibu 50 yako hiyo, Mzee wa Jedwali. Mbona aliporomoka?

Mzee wa Jedwali

Mwalimu, Ziwa, mmenibana na mmenibana vizuri. Nawajibu pamoja kwa sababu ni suala moja: tarehe.

Roper, mmoja wa watafiti wakubwa wa zama zile, alitangaza mwanzoni mwa Septemba 1948 kwamba haoni haja ya kuendelea kuhoji, Dewey kashinda. Gallup nao waliacha kuhoji wiki kadhaa kabla ya kura. Truman wakati huo alikuwa juu ya treni anazunguka nchi, anahutubia vituo vidogo vidogo mpaka siku za mwisho. Wakulima wa katikati ya nchi walirudi kwake mwishomwisho na hakukuwa na mtu wa kuwauliza. Kwa hiyo 49.5 ya Dewey ilikuwa namba ya mwezi mwingine.

Twaweza vilevile. Wale watu walipigiwa simu Agosti na Septemba. Kura Oktoba 25. Zaidi ya mwezi mzima wa mafuriko hayo unayoyataja haumo ndani ya utafiti. Tena ule ulikuwa wa bara tu, Zanzibar haikuwemo. Na hata hivyo, Ziwa, tazama alikoanzia. Alianza 65. Akapoteza sita na nusu, mpinzani akapata kumi na tano, na bado kashinda bila kuhema. Mtu wa CCM aliyelala usingizi Septemba ile alikuwa na haki zaidi ya mtu wa Azimio aliyelala Agosti 2022, ingawa ule wa CCM ulikosea zaidi! Hilo ndilo ninalolipigia kelele. Utafiti unaweza kukosea sana nawe usidhurike, na unaweza kukosea kidogo nawe ukazikwa, kutegemea namba yako imekaa wapi.

Kwa hiyo Mwalimu, niandikie hivi: namba ya kinara, ikiwa bado ya moto.

Ziwa Magharibi

Nimekuelewa mkuu. Ila usiseme "bila kuhema", tulikuwepo. Kulihemwa.

Mwalimu wa Zamu

Imepita. Lakini sheria ya Kenya ya siku tano basi ina maana kila utafiti mnaousoma siku ya kura umeshapoa?

Mzee wa Jedwali

Kidogo. Utafiti unaotangazwa siku sita au saba kabla ya kura, wahojiwa wake walifikiwa siku kadhaa nyuma zaidi. Ongeza siku za kukusanya na kuchakata na unakuta wiki ya mwisho yote haina macho. Kenya hiyo wiki ndiyo watu wanarudi nyumbani mashambani, au wanaamua kutokwenda.

Sauti ya Umma 254

Mnajisumbua. Tafiti zote zinanunuliwa. Anayelipa ndiye anayeongoza. Funga uzi.

Mzee wa Jedwali

Ndugu, ziko za kununuliwa, na dalili yake ni rahisi: hazikuonyeshi zilihoji watu wangapi, lini, kaunti zipi, kwa simu au ana kwa ana, na nani kalipa. Ile sheria niliyoitaja juu inadai mengi ya hayo yawekwe wazi. Ukikuta grafu ya rangi imetumwa WhatsApp bila hata kimoja, itupe.

Lakini nijibu hili. Kama 2022 zote zilinunuliwa na upande wa Raila, aliyenunua alilipia nini? Hizi mbili nilizozitaja zilimpa 47 na 49. Hakuna hata moja inayomvusha 50 katika hizo namba. Kama ni mimi nimetoa hela, ningeomba risiti.

Kijana wa Wilbaro

Hapo mzee amegonga. Lakini swali langu la kweli, siyo mzaha: mimi 2027 nitakuwa kwenye kampeni ya MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) mmoja huku kwetu. Utafiti wa kitaifa haunihusu, hakuna kampuni inayohoji wadi. Sisi tunajiaminije au tunaogopaje?

Karani Mstaafu

Nikujibu mimi. Kwa wadi usijaribu kutengeneza utafiti wa nyumbani kwa kuuliza marafiki. Watakupa 90 na utalala fofofo. Fanya orodha. Kila kituo cha kura, wangapi wamesajiliwa, wangapi walipiga kura 2022, na watu wenu ni nani kwa majina na simu. Majina yanayopungua ukiyapigia mara ya pili ndiyo utafiti wako. Mtu aliyekuahidi kura Juni, kisha Julai hapokei simu, mhesabu kama "sitaki kusema".

Na mkipata utafiti wa kaunti au wa taifa, usiishie kwenye jedwali la kwanza. Kwenye fomu huwa kuna swali la nyuma kidogo: una uhakika kiasi gani kwamba utapiga kura? Majibu yake huchapishwa mara chache, na huwa yamezikwa kurasa za mwisho. Linganisha watu wa kinara na watu wa mpinzani kwenye swali hilo. Kama wa kwenu wanasema "labda" kuliko wenzao, toa pointi kwenye uongozi wenu hapohapo kabla hujampigia mtu wa maturubai.

Bint Kisauni

Hilo la uhakika wa kupiga kura, Karani, kuna mahali mtu anaweza kulipata kwa Pwani peke yake? Au wanatoa la nchi nzima tu?

Karani Mstaafu

Wakigawa huwa wanagawa kwa kanda, Pwani ikiwa kanda moja. Tahadhari tu: kanda moja wahojiwa wanaweza kuwa 200 au chini, na kwa watu 200 kiwango cha makosa kinafika kama pointi saba. Kwa hiyo usitafute tofauti ya pointi tatu humo. Tafuta tofauti kubwa, kama 60 kwa 85. Ukiiona ya hivyo, ni ya kweli.

Mzee wa Jedwali

Bint Kisauni, ukilipata la Pwani la msimu huu liweke hapahapa, na tarehe ya kuhoji juu yake. Mimi nitaweka la Mlima Kenya nikilipata, wale "sijaamua" wakiwa wametenganishwa na "sitaki kusema". Na Kijana wa Wilbaro, ile wadi yako, anza na idadi ya 2022 kwa kila kituo. IEBC walipandisha fomu 34A za urais kwenye tovuti yao, mtoto wako wa kampeni anayejua kutumia kompyuta ataimaliza kwa mchana mmoja.

Kijana wa Wilbaro

Mtoto wa kampeni ndiye mimi. Naanza Jumamosi.